Kikombe cha Maji Ndani ya Pipa la Bluu

Jumanne, 17 Januari 2017

"Baruti ya roketi iliyopasuka Alhamisi ilichanganywa na mgeni asiye na sifa zinazotambuliwa nchini," amesema leo Kobus Lategan, meneja wa uzalishaji wa kiwanda, mbele ya waandishi na kamera mbili. Hakutaja jina. Hakuhitaji. Kiwandani mgeni anayechanganya baruti ni mmoja, Ruphin, Mkongo wa Lubumbashi.

Ninachojua mpaka sasa ni hiki. Kiwanda kiko mashariki ya mji, kupita Benoni. Kinatengeneza roketi ndogo za uokozi, zile zinazorusha kamba kwenye meli iliyokwama. Alhamisi walifunga moja kwenye jukwaa la majaribio wakaiwasha, na badala ya kusukuma, bomba lake likapasuka. Brighton, mpimaji kutoka Zimbabwe, alikuwa nyuma ya ukuta mfupi mno. Yuko hospitali, ameungua uso na kifua. Uchunguzi wa idara ya kazi haujaanza. Meneja keshaumaliza.

Nilimuuliza: "Mabaki mmeshayapima?"

"Yatapimwa."

"Sasa umejuaje kwamba kosa ni la mchanganyaji?"

"Swali linalofuata."

Wakili wa gazeti amenikataza kukitaja kiwanda kwa jina. Basi hata humu daftarini nitakiita kiwanda. Gazetini naandika Kiingereza. Humu naandika Kiswahili, mhariri asisome.

Jumatano, 18 Januari

Ruphin anakaa Berea, ghorofa ya sita. Lifti imekufa. Mlangoni alinipokea mkewe, Agnès, msusi, amejifunga kichwani kitenge cha zambarau chenye samaki wa njano. Alikuwa katikati ya kumsuka mteja, akaendelea kusuka huku anasikiliza. Chumba cha pili katika nyumba hiyohiyo kimepangwa na Brighton. Viatu vyake viko mlangoni.

"Karibu, Mama Nomsa," alisema Ruphin. Wakongo wote mtaani huniita kwa jina la binti yangu. "Umesikia? Miye sina sifa. Miaka sita wananipa mashine yao, hakuna mtu aliuliza cheti. Roketi moja imepasuka, sasa wanatafuta cheti."

Alisoma kemia ya viwanda Lubumbashi. Nilimwomba anieleze kazi yake kama anavyomweleza mtu asiyeijua.

"Baruti yetu si unga. Ni kama mpira. Unachukua mpira wa majimaji, mzito kama asali. Unatia chumvi ya kuunguza, unatia dawa ya kugandisha, unamwaga ndani ya bomba, unaweka katika joto mpaka inakamata. Ule mpira njo gundi. Gundi ikiwa mbaya, yote ni mbaya." "Njo" yao ya Lubumbashi ni "ndio" yetu.

"Na hii iliyopasuka?"

"Tulimwaga Desemba. Ndani ya chombo ilikuwa inavimba kidogo, inashuka, inavimba. Nikamwita Lategan. Nikamwambia, patron, hii inapumua. Akasema, mwaga, Krismasi imefika."

"Hamkuwa na kipimo cha unyevu?"

"Kiko. Kiko kwa fundi tangu Oktoba." Alikuna kidevu. "Tena mpira ule zamani ulikuja ndani ya mapipa meusi ya chuma. Mwisho wa Novemba ukaanza kuja ndani ya bluu, ya plastiki."

Vidole vya Agnès vilisimama kwenye kichwa cha mteja. "Bluu?"

"Bluu. Kwa nini?"

"Hapana. Nauliza tu."

Ijumaa, 20 Januari

Mvua. Polisi hawajaenda hospitali. Nimepiga simu kuuliza. Wamenijibu kwamba gari halipo.

Jumatatu, 23 Januari

Braamfontein, chuoni. Mselem anafundisha kemia ya plastiki na mpira, ni Mzanzibari, na hana subira na mtu anayeandika asichokielewa. Hilo limenifaa.

"Hicho kiti ulichokalia, Bi Perpetua, ndani mna nini?"

"Sponji."

"Sponji wanaitengenezaje?"

"Wewe ndiye mwalimu."

"Haya. Malighafi ni ndugu wa hizo za roketi yenu. Ila wenye kiwanda cha magodoro hutia maji makusudi. Maji yakikutana na kigandishi hutoa hewa, mpira ukajaa mapovu. Kwenye godoro hiyo ndiyo raha yenyewe. Kwenye roketi ndio msiba. Hao wenzako waliagiza tairi, wakapikiwa godoro."

"Mapovu yana ubaya gani ikiwa vyote vitaungua tu?"

"Gogo zima huungua taratibu. Lichane vijiti, linaungua mara moja, kwa sababu moto unakula ngozi, na wewe umeiongeza ngozi. Kila povu na kila ufa ni ngozi. Gesi inazalishwa haraka kuliko tundu la nyuma linavyoweza kuitoa. Inatafuta pengine pa kutokea." Alipasua viganja vyake hewani. "Na si mapovu peke yake. Maji yanakula kigandishi kilichokuwa cha mpira, kwa hiyo mpira unabaki mlaini, unaachana na chumvi, unachanika."

"Maji yanaingilia wapi?"

"Popote. Hewa ya mvua hii inatosha ukiacha kizibo wazi. Na si maji tu: sabuni, kutu, masalia ya kilichokuwemo kabla. Ndiyo maana mnunuzi mwenye akili hupima mwenyewe."

"Na kipimo kikiwa kwa fundi?"

"Basi na kazi nayo ingoje kwa fundi."

Hiyo nimeiandika gazetini neno kwa neno. Mhariri ameikata. Amesema wasomaji hawahitaji kemia. Wasomaji wameshaambiwa uraia wa Ruphin, nao si kemia wala si chanzo cha mlipuko, na hakuna aliyeukata.

Alhamisi, 26 Januari

Muuzaji wa mpira huingiza mzigo nchini kwa matangi makubwa, halafu humimina kwenye mapipa ghalani kwake, kusini ya mji. Nimempigia simu mara nne. Katibu wake sasa ananitambua kwa sauti.

Jumatatu, 30 Januari

Hospitali wamenipa dakika chache na Brighton. Anaona kwa jicho moja. Ameokota Kiswahili kwa kuishi na Ruphin, tena Kiswahili cha Lubumbashi.

"Mama Nomsa, unga yangu ya sadza, ugali ya kwetu, iko juu ya kabati. Mwambie Agnès panya wasimalize."

Nilimuuliza kuhusu siku ya Desemba.

"Nilikuwa pale. Ruphin alimwita Kobus. Kobus akakuja, akaangalia, akaenda. Ruphin akamwita tena. Kobus akasema, mwaga."

"Uko tayari niandike kwa jina lako?"

"Andika. Miye ndiye niliwasha moto. Ningejua inapumua bado, ningekaa Bulawayo."

"Polisi umewaambia?"

"Polisi gani?"

Nimeandika alichosema, nikamsomea, akakubali kwa kutikisa kichwa. Wiki mbili na nusu tangu mlipuko, shahidi wa kwanza hajahojiwa na mtu yeyote mwenye beji. Nimeyaandika haya kwa utulivu. Sijatulia.

Alhamisi, 2 Februari

Kiwandani, pamoja na Nomsa, aliyekuja na gari lake na simu yenye kamera nzuri kuliko ya gazeti. Lategan alitupokea uani kwa sababu ofisini, alisema, kuna wakaguzi wa bima. Bima wamewahi kuliko serikali.

"Mpira huu mliupima ulipofika?"

"Muuzaji hupima. Kila mzigo una cheti cha usafi."

"Ninyi mliupima?"

"Nimekujibu."

"Mapipa yalibadilika Novemba kutoka meusi hadi bluu. Mliuliza sababu?"

"Mama, sinunui pipa. Nanunua kilichomo."

Nyuma yake, chini ya banda, mapipa ya bluu yalikuwa yamepangwa safu mbili. Nomsa alipiga picha. Garini akaikuza kwa vidole, akacheka. Binti yangu huelewa kila neno la Kiswahili na hujibu kwa Kiingereza au Kizulu, lakini hili alilisema kwa Kiswahili chake cha kubanana: "Haibo, Ma. Hili pipa mbona limevaa doek?" Doek ni kitambaa cha kichwani.

Kwenye kizibo cha pipa la mbele kulikuwa kumechomoza ulimi wa kitambaa. Zambarau. Samaki wa njano.

Jumapili, 5 Februari

Kanisa la kina Agnès liko chini ya jengo la maegesho, mpakani mwa Berea na Hillbrow. Baada ya ibada nilimkuta kwenye kiwanja cha nyuma pamoja na akina mama wa kwaya. Nilimwonyesha picha.

Aliitazama kwa muda mrefu. Kisha alinirudishia simu, kioo kikiwa kimeelekea chini.

"Sijue, Mama Nomsa."

"Kitenge hiki ni kama chako."

"Vitenge viko vingi."

Ninaandika ninachofikiri, maana hapa ndipo pa kukifikiria. Mtu anayejua jambo na kulificha ana sababu. Huenda Ruphin ana biashara ya pembeni ya mapipa na muuzaji. Huenda alijua yametoka wapi akanyamaza, halafu akaniambia "bluu" kwa uso mkavu ili nimwone mkweli. Nimekuwa nikimtetea mtu huyu kwenye kurasa za gazeti. Itabidi nimuulize.

Jumanne, 7 Februari

Nimemuuliza.

"Una biashara ya mapipa?"

Ruphin alinitazama kana kwamba nimetema sakafuni kwake. "Hata wewe?"

"Kazi yangu ni kuuliza."

"Basi umeuliza. Hapana. Mlango uko pale, Maman."

Agnès alikuwa jikoni. Hakutoka.

Alhamisi, 9 Februari

Brighton amefariki asubuhi. Maambukizi kwenye damu, amesema daktari. Polisi hawakuwahi kufika kitandani kwake. Maneno yake yako kwenye daftari langu na si kwenye jalada lolote la serikali. Nimemwambia wakili wa gazeti niko tayari kuyaapia.

Kiwanda kimetuma salamu za rambirambi. Jina lake wamelikosea.

Jumatatu, 13 Februari

Wamemkamata Ruphin kazini kwa rafiki yake, alikokuwa anasaidia kushona mabegi. Kosa: kusababisha kifo kwa uzembe. Gari la kumfuata lilipatikana.

Gazeti langu limeweka kichwa cha habari: MGENI AKAMATWA KWA KIFO CHA MPIMAJI. Brighton naye alikuwa mgeni. Alipokufa wakamfanya mpimaji. Nimemwambia mhariri hivyo mbele ya meza nzima. Amesema nimechoka, nipumzike siku mbili. Sikupumzika.

Alhamisi, 16 Februari

Agnès alikuja ofisini kwangu, Braamfontein, peke yake, akiwa na mfuko wa plastiki mkononi. Alisema: "Mama Nomsa, funga mlango." Nikaufunga. Nitaandika alivyosema, kwa mpangilio wake.

Mwaka jana, ukame ulipobana na mji ukazuia matumizi ya maji, watu wa Hillbrow na Berea walianza kutafuta mapipa ya kuhifadhia. Akina mama wa kanisa wakaingia kazi hiyo. Walinunua mapipa matupu ya bluu yaliyokuwa na siki au sharubati, wakayaosha kwenye kiwanja cha nyuma, wakauza. Walikusudia kununulia kwaya vipaza sauti.

"Tuliosha vizuri," alisema. "Sabuni, halafu maji, halafu ndimu, halafu maji tena. Kwenye kizibo tunazungusha kipande cha kitenge, kisivuje. Kila mama na kitenge yake, ili pipa ikiuzwa tujue ni ya nani. Samaki ni yangu."

"Kwa nini hukuniambia siku ile kanisani?"

"Ngoja. Sijafika."

Akatoa ndani ya mfuko kikombe cha bati, cha bluu, kilichochubuka ukingoni. Akakiweka juu ya meza yangu.

"Kwetu sokoni, ukiuza pipa ya maji, haumwambii mtu ni safi. Kila muuzaji anasema ni safi. Unamimina kikombe kimoja ndani, unafunga, unaacha ilale. Mwenye kununua anafungua, anainamisha, anakunywa. Asipokunja uso, pipa imeuzwa. Na siye hapa tulifanya hivyo. Kila pipa, kikombe ndani."

Hapo nikaelewa, na yeye akaona kwamba nimeelewa, akaendelea haraka.

"Novemba mvua ikapiga, ile kubwa iliyobeba magari. Hakuna mtu anataka pipa tena. Yamejaa kiwanjani, pasta analalamika. Akaja bwana mmoja na bakkie, gari ndogo ya mizigo, akasema anachukua yote. Hakufungua hata moja. Nikamwambia, patron, ndani muna kikombe cha maji, fungua, onja. Akacheka. Akasema, sina kiu."

"Ulimwambia kwamba ndani mna maji?"

"Nilimwambia. Mama wote walisikia. Wakacheka naye, maana alisema vizuri. Sina kiu."

Alikizungusha kikombe mezani. Kisha: "Miye njo nimetia maji ndani ya roketi ya Brighton."

Nilimwambia hapana. Nilimwambia aliuza pipa la maji kwa mtu aliyejua ni pipa la maji. Sikumwambia kwa upole, kwa sababu upole haungesaidia kitu; nilimwambia mara mbili.

"Ruphin anajua?"

"Ruphin alikuwa zamu ya usiku mwezi mzima. Anajua tunauza mapipa ya maji. Kiwandani pipa wanafungua wengine bandani, yeye anapelekewa mpira ndani ya ndoo. Ya roketi hakuwaza. Nani angewaza?" Alikichukua kikombe akakishika kwa mikono miwili. "Kibali yangu ya hifadhi imepita tarehe tangu Desemba. Kila nikienda ofisi ya wakimbizi Pretoria foleni inafungwa mbele yangu. Nikisema mahakamani, wananikamata miye. Nikinyamaza, wanamfunga yeye. Sasa niambie, wewe mwenye kuandika, naandika nini hapo?"

Nilimpa namba ya wakili wa kituo cha msaada wa sheria. Halafu nikakaa na picha ya Nomsa mbele yangu. Siku kumi na moja zilizopita niliandika humu kwamba anayeficha jambo ana sababu. Alikuwa nayo. Mimi nilibuni nyingine.

Jumatatu, 20 Februari

Mselem, kabla ya kipindi chake cha saa nne. Nilimuuliza kama kikombe kimoja kwenye pipa zima kinaweza kufanya madhara.

Hakuhesabu. Alisema: "Kikombe kwenye pipa la kunywa si kitu. Kwenye mpira wa roketi, wallahi, hata kisahani cha kahawa ni kingi. Nani kakitia?"

Nikamweleza. Alivua miwani.

"Kwa hiyo hao kina mama ndio pekee katika mlolongo huu wote waliojali kupima kitu."

"Walipima kwa kuonja."

"Wenzao hawakupima kwa chochote. Na kumbuka, Bi Perpetua, maji ni mazito kuliko mpira ule. Katika pipa ambalo halijaguswa, yatakuwa chini kabisa, yametulia, yanakungojeeni. Mwambieni mkaguzi asichote juu."

Jioni Ruphin ametolewa kwa dhamana. Agnès alimweleza chumbani, mlango wazi, kwa hiyo nilisikia. Kisha Ruphin akaanza kucheka, kicheko kibaya, hakina furaha.

"Miaka kumi nakula chakula yako sijaugua tumbo. Usafi yako njo imenipeleka jela."

"Nitasema yote, Ruphin."

"Hausemi kitu. Miye watanifunga mwaka, miaka miwili. Wewe watakupandisha ndege. Watoto nani atawabakia?"

Alitoka akanikuta sebuleni. "Samahani kwa ile siku, Maman."

"Samahani ni yangu," nilimwambia. Tukaachia hapo.

Ijumaa, 24 Februari

Maandamano ya kupinga wageni huko Pretoria. Hillbrow maduka mengi yamefungwa. Mabango mawili yametaja "wageni wanaoua watu viwandani". Maneno ya Lategan yamesafiri kutoka uani kwake hadi barabarani, na hakuna aliyeyapima njiani.

Jumanne, 28 Februari

Jumapili habari yangu ya mapipa ilitoka, bila majina ya akina mama. Leo kiwanda kimetoa taarifa mpya. Nainakili: "Malighafi ilichafuliwa kwa maji na wanawake wageni wasio na vibali, nje ya udhibiti wetu na wa muuzaji wetu." Muuzaji naye, baada ya mwezi wa kutopokea simu, amepiga yeye mwenyewe kusema kwamba alinunua mapipa hayo "kwa nia njema".

Nimekaa na sentensi ile asubuhi nzima. Wiki sita Lategan alisema kosa ni la mume. Leo ni la mke. Kati ya mume na mke kuna bwana wa bakkie, mtu wa muuzaji, aliyeambiwa ndani mna maji, kuna muuzaji aliyemimina mpira juu yake akaubandika cheti cha usafi, kuna kipimo kilicholala kwa fundi, na kuna meneja aliyeambiwa mara mbili kwamba baruti inapumua akasema mwaga. Amewaruka wote kwa hatua moja, akiwemo yeye mwenyewe, akatua kwa mwanamke mwenye kikombe.

Nimempigia.

"Bwana Lategan, sasa mnakubali kwamba Ruphin hakukosea?"

"Sijasema hivyo."

"Mnasema mpira ulikuwa na maji. Ruphin ndiye aliyewaambia kuna kasoro."

"Hakuna ushahidi wa mazungumzo hayo."

"Brighton aliyasikia."

"Marehemu hawezi kuhojiwa."

Alikata. Ni kweli hawezi. Waliokuwa na wiki nne za kumhoji walikosa gari.

Alhamisi, 2 Machi

Nimeapa kiapo kuhusu maneno ya Brighton, na daftari nimelikabidhi. Hili ninaloandika sasa ni jipya, mistari yake imebanana mno.

Jumatatu, 6 Machi

Mkaguzi wa idara ya kazi, mama mmoja mwenye buti za mpira na maneno machache, amefungua leo mapipa yaliyobaki bandani, mbele ya Lategan, mawakili wawili, Mselem aliyeitwa kama mtaalamu, na mimi niliyeruhusiwa kusimama nyuma ya kamba.

Vizibo vilipofunguliwa, vitambaa vilitoka kimoja baada ya kingine, vimelowa mpira: maua mekundu, funguo, majani ya kijani, samaki. Lategan alitazama pembeni. Ruphin, aliyeletwa na wakili wake, alivitazama vyote. Aliwajua wenyewe kwa vitenge. Nilimsikia akinong'ona: "Mama wa funguo ndiye anaimba sauti ya kwanza."

Mkaguzi aliteremsha mrija wa kioo hadi chini ya pipa la kwanza, akauziba juu kwa kidole, akauinua. Juu mpira, wa rangi ya asali. Chini yake, umetengana kabisa, ukanda wa maji wenye unene wa sarafu. Alifanya hivyo kwa kila pipa. Katika kila pipa yalikuwemo.

"Hili lingeonekana bila mashine yoyote?" alimuuliza Mselem.

"Lingeonekana kwa mrija huo ulioushika."

Mkaguzi alimgeukia Lategan. "Mna mirija kama hii?"

Wakili wake akamshika mkono. Kwenye rafu nyuma ya Lategan kulikuwa na boksi zima la mirija.

Jumatano, 8 Machi

Mvua tena. Uchunguzi wa wazi umetangazwa. Mwendesha mashtaka amesema mashtaka ya Ruphin yanangoja matokeo yake, hayajafutwa. Cheti cha muuzaji kinasema mapipa yalikuwa makavu, na bila mtu wa kusema kwamba muuzaji aliyanunua akijua yana maji, wakili wa kituo ameniambia, muuzaji huyo na kiwanda watasukumiana mpaka Ruphin abaki peke yake katikati.

Yaani bila Agnès.

Ijumaa, 10 Machi

Berea. Lifti bado. Ruphin alikuwa amekaa kitandani, Agnès amesimama, wakili wa kituo kati yao na karatasi zake gotini. Walikuwa wamekwisha gombana kabla sijafika, ile hali ya chumba ilisema.

Wakili alirudia kwa ajili yangu. Ameomba idara ya uhamiaji ihakikishe Agnès hakamatwi mlangoni. Hawajajibu. Ameomba miadi ya kuhuisha kibali mapema. Wamempa, Pretoria, lakini siku moja baada ya kikao cha uchunguzi. Ameomba wabadilishe. Wamesema mfumo haubadilishi.

"Basi angoje," alisema Ruphin. "Apate kibali kwanza, aseme baadaye."

"Baadaye hakuna kikao," alisema wakili.

"Mama wengine waseme."

"Mama wengine walisikia," alisema Agnès. "Aliyesema naye ni miye."

Ruphin alishika kichwa. "Agnès. Watakuchukua palepale."

"Wewe ulimwita Lategan, akakataa. Ukamwita tena." Alisema polepole, kama anayesuka. "Miye yule wa bakkie nilimwambia mara moja tu. Akasema sina kiu, nikacheka na wengine. Nabakiwa na mara ya pili."

Kutoka chumba cha pili, kile cha Brighton, kilisikika kishindo cha mtoto wao wa mwisho akiruka kitandani. Unga wa sadza bado uko juu ya kabati. Nimeuona, umefungwa ndani ya mifuko miwili.

Agnès alinisindikiza hadi ngazini. Kikombe cha bati kilikuwa mkononi mwake.

"Mama Nomsa, wataniruhusu kuingia nacho?"

"Sijui. Sijawahi kuona mtu akiingia nacho."

"Nitaingia nacho. Yule bwana wa muuzaji atakuwa pale, siyo?"

"Ameitwa."

"Nitamuuliza kama leo ana kiu."

Kikao: Jumanne, 14 Machi, saa tatu asubuhi, ukumbi wa ghorofa ya kwanza. Shahidi wa kwanza, Agnès. Miadi yake ya Pretoria: Jumatano, 15 Machi, saa moja asubuhi. Nomsa atampeleka kwa gari siku zote mbili.